Ushahidi wa Jani

Miongoni mwa mambo ya kwanza anayofundishwa kuruta ni hili: sema uliyoyaona, na uyatenge na yale uliyoyasikia. Askari wa doria akirudi kambini na kutoa habari kwamba daraja limevunjwa, swali la kamanda wake huwa moja tu: "Umeliona kwa macho yako, au umeambiwa?" Askari wa polisi naye, asimamapo mbele ya hakimu, hujua kwamba maneno aliyoyaokota sokoni hayatamfunga mhalifu, hata kama yamerudiwa na watu mia.

Leo, ndugu msomaji, tutazame jinsi fundisho hilo hilo lilivyopiganiwa huko Ulaya takriban miaka 500 iliyopita. Uwanja wa mapambano hayo ulikuwa bustani za mimea na vitabu vyenye picha za mimea. Mtu aweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya wenye nafasi na starehe. La hasha. Yalikuwa mambo ya kufa na kupona.

KITABU KILICHONAKILIWA MNO

Katika zama hizo, sehemu kubwa ya dawa ilitokana na mimea. Tabibu alitaja jina la mmea, mwuza dawa aliununua mmea huo kwa wachimba mizizi na wachuma majani, mgonjwa akanywa. Endapo mmoja kati yao alikosea, aliyelipa ni mgonjwa. Na kukosea kulikuwa rahisi. Mmea wa sumu unaosemekana kuwa ndio uliomwua Socrates huko Athens unafanana sana na karoti-mwitu. Majani yamechanika vivyo hivyo, na maua ni meupe vivyo hivyo. Mmoja huliwa, mwingine huua.

Waganga wa Ulaya walimtegemea zaidi Dioscorides, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 1. Katika utangulizi wa kitabu chake alisema kwamba maisha yake yalikuwa kama ya askari, na kwa sababu hiyo aliiona mimea mingi katika nchi nyingi. Alieleza mimea ipatayo 600. Hapana shaka kwamba yeye alikuwa shahidi mwenye macho.

Lakini kitabu chake kilinakiliwa kwa mkono kwa muda wa miaka 1400 na zaidi, na picha zilizoongezwa humo zilinakiliwa pia. Mchoraji wa nchi za baridi alichora mmea wa pwani ya Mediterania ambao hakupata kuuona maishani mwake. Aliitazama picha ya mwenziwe, ambaye naye aliitazama picha ya mwenziwe. Jani likanyooshwa ili lipendeze, mzizi ukapangwa sawasawa pande zote mbili, ua likapewa petali za ziada. Hatimaye mmea ukawa pambo la ukurasa. Mtu aliyekwenda msituni na picha ya namna hiyo alikuwa sawa na mpelelezi anayemtafuta mtu kwa picha ya mtu mwingine.

Zaidi ya hayo, matabibu wa Ujerumani na Ufaransa waliitafuta katika misitu yao mimea ambayo Dioscorides aliiona Ugiriki na Asia. Walipoikosa, waliuokota mmea uliokaribiana nayo na kuupachika jina lile lile. Hivyo jina moja likabeba mimea mitatu, na mmea mmoja ukabeba majina manne.

PICHA KUTOKA KWA MMEA WENYEWE

Mageuzi yalianza mjini Strasbourg mwaka 1530, wakati Otto Brunfels alipoanza kutoa kitabu chake ambacho jina lake la Kilatini lina maana ya picha hai za mimea. Maneno ya kitabu hicho yalikusanywa kutoka kwa waandishi wa kale, wala hayakuwa na jipya kubwa. Ajabu ilikuwa katika picha. Mchoraji Hans Weiditz aliuweka mmea mbele yake na kuchora alichokiona. Kama jani lilinyauka, alilichora limenyauka. Kama mdudu alilitoboa, tundu lilionekana. Kisha picha ikachongwa juu ya kibao, kibao kikapakwa wino, na mtambo wa kuchapa ukatoa mamia ya nakala zilizofanana. Tabibu wa mji mmoja na tabibu wa mji wa mbali waliweza kuinamia picha moja na kusema, "Huu ndio tunaouzungumzia."

Picha hizo zilikuwa na thamani kiasi cha kuzua kesi. Mwaka 1533 mchapaji wake, Johannes Schott, alimshitaki mchapaji mwingine, Christian Egenolff wa Frankfurt, mbele ya mahakama kuu ya dola kwa kosa la kuziiga. Egenolff alijitetea kwamba hakuna awezaye kuimiliki sura ya mmea. Rozmari ikichorwa kwa uaminifu, itafanana na rozmari tu. Utetezi huo ulikuwa wa kijanja. Lakini askari yeyote atauona upungufu wake: anayechora mmea ameuona mmea, na anayeiga picha ameiona picha.

Mwaka 1542 Leonhart Fuchs, profesa wa utabibu katika Chuo Kikuu cha Tübingen, alichapisha mjini Basel kitabu chenye picha zaidi ya 500. Alilalamika kwamba hata katika matabibu 100 ni vigumu kumpata mmoja aijuaye barabara mimea michache tu. Kwa hiyo aliwasimamia wachoraji wake kama kamanda asimamiavyo kikosi. Aliwakataza kutia vivuli na madoido ambayo wasanii huyatumia kujitafutia sifa, maana vivuli huficha mistari. Njia yake ilitofautiana kidogo na ile ya Weiditz. Yeye hakutaka sura ya mche mmoja uliokatwa siku moja. Alitaka sura ya aina yote. Ndiyo sababu katika baadhi ya picha zake ua na tunda huonekana pamoja, ingawa shambani haviji siku moja. Weiditz alitoa picha ya mshukiwa mmoja. Fuchs alitoa mchoro wa kitabu cha mafunzo, unaomwezesha askari kuitambua kila bunduki ya aina ile.

Tena Fuchs alifanya jambo la heshima lililokuwa nadra siku zile. Mwishoni mwa kitabu aliweka sura na majina ya wafanyakazi wake watatu: Albrecht Meyer aliyechora, Heinrich Füllmaurer aliyehamisha michoro juu ya vibao, na Veit Rudolf Speckle aliyechonga. Kila aliyetoa ushahidi alitia sahihi yake.

Katika kitabu hicho mmo picha ya mahindi, mojawapo ya picha za kwanza kabisa za mmea huo kuchapwa Ulaya. Mtu yeyote aliyekula posho kambini angeutambua mara moja: bua refu, majani mapana, mahindi ubavuni, mizizi chini. Lakini maelezo yaliyo pembeni yana kosa kubwa. Fuchs aliyaita nafaka ya Kituruki, akiamini kwamba yaliingia Ujerumani kutoka Asia na Ugiriki, ilhali asili ya mahindi ni Amerika, na Wahispania walikuwa wameyaleta Ulaya baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Pilipili nazo alizihusisha na Calicut ya India, kumbe nazo zilitoka Amerika.

Angalia basi, msomaji, jinsi mambo yalivyogawanyika katika ukurasa mmoja. Mahindi yalichorwa kwa kutazamwa, na picha hiyo ingali kweli hadi leo. Asili yake iliandikwa kwa kusikia, na maneno hayo yamekwisha kuanguka.

BUSTANI YENYE UKUTA

Hata hivyo picha haina harufu, wala haikui. Mwalimu mmoja wa Italia, Luca Ghini, aliyefundisha Bologna na kisha Pisa, alitafuta mashahidi wengine wawili.

Shahidi wa kwanza alikuwa mmea wenyewe uliokaushwa. Mmea uliwekwa kati ya karatasi, ukakandamizwa hadi ukakauka, kisha ukabandikwa na kuandikwa jina. Ghini hutajwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia njia hiyo. Mkusanyiko wa namna hiyo uliitwa bustani kavu, kwa kuwa uliweza kutazamwa hata wakati wa theluji. Mtu wa upelelezi ataelewa upesi: hicho ni kielelezo kilichofungwa, kutiwa alama na kuhifadhiwa, ili miaka mingi baadaye wengine wakitazame na kuuliza tena.

Shahidi wa pili alikuwa bustani. Chini ya mtawala Cosimo wa Medici, Ghini alianzisha bustani ya mimea huko Pisa katika miaka ya 1543 na 1544. Mwaka 1545 Baraza la Jamhuri ya Venice liliamuru bustani ijengwe Padua, kwa maombi ya profesa Francesco Bonafede. Sababu ilikuwa bayana: makosa yalikuwa mengi katika kuitambua mimea ya dawa, na udanganyifu wa wauzaji ulikuwa mwingi pia. Wanafunzi walitakiwa kuonyeshwa mmea wa kweli, wauguse na kuunusa, kabla ya kukabidhiwa roho za watu.

Thamani ya mimea hiyo ilionekana kwa wezi kabla ya kuonekana kwa wengine. Bustani ya Padua iliibiwa mara kwa mara usiku, ingawa adhabu zilikuwa faini, kifungo na hata kufukuzwa nchini. Mwaka 1552 ukajengwa ukuta wa mviringo kuizunguka. Bustani hiyo ingali mahali pale pale hadi leo, na mwaka 1997 ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndani yake mna mti wa jamii ya mitende uliopandwa mwaka 1585.

Mfano huo ulienea. Huko Leiden, Uholanzi, Carolus Clusius na msaidizi wake Dirck Cluyt walikamilisha upandaji wa bustani ya chuo kikuu mwaka 1594. Huko Montpellier, Ufaransa, bustani ilianzishwa mwaka 1593, ikaharibiwa vibaya mji ulipozingirwa na majeshi ya mfalme mwaka 1622, na mwenye kuianzisha, Pierre Richer de Belleval, akaanza upya kuijenga. Na huko Oxford, Uingereza, aliyetoa fedha alikuwa askari: Henry Danvers, aliyepigana Uholanzi na Ireland. Mwaka 1621 alitoa pauni 5,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Kiwanja kilikuwa bondeni, kikifurika maji ya mto, ikabidi kiinuliwe kwa mikokoteni 4,000 ya samadi na taka kabla ya kupandwa chochote.

ALIYEONA NUSU AKAAPA YOTE

Ingekuwa vyema kusema kwamba tangu hapo kosa lilikoma. Haikuwa hivyo, na kisa cha John Gerard wa London chatuonya.

Gerard alikuwa mpasuaji na mtunza bustani hodari. Mwaka 1597 alitoa kitabu kikubwa cha mimea kwa Kiingereza, chenye picha zipatazo 1,800. Lakini nyingi mno kati ya picha hizo hazikuchorwa kwa ajili yake. Vibao vyake viliazimwa kutoka Frankfurt, ambako vilikwisha kutumika katika kitabu kingine, na mara nyingine picha iliwekwa mahali pasipo pake. Mtaalamu Matthias de l'Obel aliitwa kusahihisha. Alisahihisha mengi hata Gerard akachoka, akamzuia, akidai kwamba mgeni huyo amekisahau Kiingereza. Viazi ulaya, ambavyo Gerard aliviweka katika mojawapo ya picha chache zilizokuwa zake mwenyewe, alisema vimetoka Virginia. Kumbe asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini.

Kioja kikubwa kilikuwa mwisho wa kitabu. Huko Gerard aliandika habari za mti unaozaa bata bukini. Alishuhudia kwamba alikwenda pwani ya Lancashire na kuona, juu ya mbao kuukuu zilizotupwa na bahari, viganda vya viumbe vidogo vyenye kitu kama manyoya ndani yake. Na kweli viumbe hao wapo. Huganda juu ya mbao baharini, na miguu yao hufanana na manyoya ya ndege. Hapo Gerard alisema kweli. Lakini hakuishia hapo. Aliongeza kwamba viumbe hao hukua, huanguka majini na kuwa bata bukini. Hilo hakuliona, kwa kuwa halipo. Alichukua alichokiona kwa macho, akakishona na alichokisikia vijijini, kisha akaviapia vyote kwa kiapo kimoja. Uwongo wa namna hii ndio wa hatari kuliko wote, maana nusu yake ni kweli.

Aliyelisafisha jambo hilo alikuwa mwuza dawa kijana wa London, Thomas Johnson. Yeye alikuwa na desturi ya kutoka na wenzake, kama kikosi cha doria, kuitafuta mimea mahali inapoota. Mwaka 1629 alichapisha habari za safari yao ya Kent. Alipopewa kazi ya kukisahihisha kitabu cha Gerard, muda wake ulikuwa kiasi cha mwaka mmoja tu. Kitabu kilitoka mwaka 1633. Aliongeza mimea zaidi ya 800, akatumia vibao bora kutoka Antwerp, na akatia alama mbili tofauti kitabuni, moja mahali aliposahihisha na nyingine mahali alipoongeza jipya, ili msomaji asichanganye maneno ya Gerard na yake. Kuhusu bata bukini, alieleza kwamba mabaharia wa Uholanzi walikwisha kuwakuta huko kaskazini wakiatamia mayai yao kama ndege wengine.

Aprili mwaka huo huo Johnson alipata mkungu wa ndizi mbichi kutoka visiwa vya Bermuda. Aliutundika dukani mwake, watu wakautazame. Ndizi ziliiva mwanzoni mwa Mei na kudumu mpaka Juni. Johnson akala, akaandika utamu wake, akatia picha yake kitabuni. Msomaji aliyekulia migombani atatabasamu kwa ajabu hiyo ya London, lakini aiangalie njia: alingoja mpaka zilipoiva, akaonja, ndipo akaandika.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uingereza mwaka 1642 kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge, Johnson aliingia upande wa mfalme na kufikia cheo cha luteni kanali katika ngome ya Basing House. Septemba 1644, katika shambulio la kutoka ngomeni, alipigwa risasi begani. Alikufa baada ya majuma kama mawili. Kitabu chake kiliendelea kutumika kwa miaka mingi baada ya kifo chake.

MASHAHIDI WA MALABAR

Liko swali moja ambalo halina budi kuulizwa. Mimea ya nchi za mbali iliyojaa katika bustani na vitabu hivyo, nani aliijua kwanza? Mara nyingi vitabu vya Ulaya vilimtaja Mzungu aliyeileta na kumsahau mwenyeji aliyemfundisha. Kiko kitabu kimoja ambacho hakikusahau, nacho kilisimamiwa na askari.

Hendrik van Rheede alikuwa afisa wa Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Indi, naye alitawala vituo vyake katika pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India, tangu mwaka 1670 mpaka 1677. Kampuni hiyo ilikwenda huko kwa biashara na kwa mabavu, wala hatuna haja ya kuipamba. Lakini van Rheede aliona kwamba misitu ile imejaa dawa, na kwamba wenyeji wanazijua. Aliunda kikosi cha wachuma mimea, wachoraji na wakalimani, akawaketisha pamoja na waganga wa nchi. Mkuu kati yao alikuwa Itty Achudan, mganga wa Malabar aliyerithi elimu ya dawa katika ukoo wake, pamoja na Wabrahmini watatu, Ranga Bhat, Vinayaka Pandit na Apu Bhat.

Matokeo yalikuwa kitabu kiitwacho Hortus Malabaricus, yaani Bustani ya Malabar, majuzuu 12 yaliyochapwa Amsterdam kati ya miaka 1678 na 1693, yenye habari za mimea zaidi ya 700. Kando ya picha majina yameandikwa kwa herufi za wenyeji na kwa herufi za Kiarabu, pamoja na za Kilatini. Na katika juzuu la kwanza umo ushahidi wa Itty Achudan wa mwaka 1675, kwa lugha na mwandiko wake mwenyewe, akieleza kwamba yeye ndiye aliyetoa majina na matumizi ya dawa hizo. Wabrahmini nao walitoa hati yao. Van Rheede alifariki safarini mwaka 1691, kabla majuzuu yote hayajatoka, lakini majina ya mashahidi wake yamebaki. Mwaka 2003 kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza na Chuo Kikuu cha Kerala, baada ya kazi ya miaka mingi ya mtaalamu wa mimea wa Kihindi, K. S. Manilal.

LINALOTUHUSU SISI

Hiyo ndiyo habari ya bustani na vitabu vile, kwa ufupi. Ulaya haikuijua mimea kwa sababu watu wake walizaliwa na macho makali kuliko wengine. Iliijua pale ilipokubali kuuliza maswali ambayo kila mwenye sare huulizwa: Nani aliona? Aliona nini hasa? Kielelezo kiko wapi? Na yale mengine, uliyapata kwa nani?

Gerard hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa mtu mwenye haraka, aliyeshindwa kuweka mstari kati ya alichokiona na alichokidhani. Johnson aliuweka mstari huo kwa alama ndogo za wino, na van Rheede aliuweka kwa kumwachia mwenye habari aseme mwenyewe. Usiku wa leo, afisa wa zamu atakapofungua daftari kuandika matukio, au mpelelezi atakapochukua maelezo ya mlalamikaji, mstari huo huo utakuwa chini ya kalamu yake. Uhuru wa mtu asiye na hatia, au uhai wa kikosi kizima, waweza kutegemea mahali atakapouchora.